Kompyuta ya Mkono wa Kushoto

Nilipoifungua kompyuta asubuhi ile, wanawake wa kikundi wameshakaa mkekani na vipande vyao vya kitambaa cha bafta mapajani, kikanitokea kioo ambacho si changu. Changu kilikuwa cheusi, herufi zake kubwa kama za kusomea bibi kizee, na mshale wake mnene kama kidole cha mpishi. Hiki kilikuwa na picha ya mlima wenye barafu. Barafu, kijijini kwetu Kengeja, kumi la mwisho la Ramadhani, watu midomo imekauka!

Nikabonyeza kwa kidole cha shahada kama nilivyozoea. Badala ya kunifungulia, ikanitemea orodha ya Kiingereza. Nikabonyeza tena, ikatema tena. Nikalitafuta humo ndani kabati la michoro, lile lililokuwa na nakshi zote za kofia za Idi Kubwa. Halipo. Chini pembeni kulikuwa na maandishi mepesi mepesi, kama mtu aliyeandika kwa haya, yananidai kitu nisichokijua.

"Bi mkubwa, kwani leo haijaamka?" akauliza mmoja.

"Imekula daku nzito," akajibu mwenzake, na mkeka mzima ukacheka.

Mie nilicheka pia, kwa upande mmoja wa mdomo, maana ndio nilioachiwa. Nikaichomeka flashi niliyokuwa nikiwekea nakala. Ndani yake kulikuwa na mafaili mageni yenye majina kama nambari za gari. Michoro yangu hata mmoja haumo. Hapo nikakiweka kifuniko chini taratibu, kama unavyomfunika maiti uso, nikawaambia wale wanawake: "Nendeni majumbani. Nimefutwa."

Hawakunielewa. Basi na wewe msomaji usinielewe bado, nianze palipoanzia.

Mie ni mchoraji wa kofia. Kofia hizi za mkono, za vitobo, wanazovaa wanaume msikitini na harusini, hazitoki kwa mtu mmoja. Kuna anayechora nakshi juu ya bafta, kiduara cha juu na ukanda wa pembeni. Kuna wanaoshona, kitobo kwa kitobo, mpaka macho yanatoka machozi. Kuna anayeunganisha na kupiga pasi. Kofia moja hula miezi. Ukitaka ya Idi Kubwa lazima uianze katika mfungo, la si hivyo siku ya Idi utakwenda uwanjani na kofia ya marehemu baba yako. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwachorea wanawake wa upande wetu. Skuli niliishia darasa la nne, hesabu zilinishinda, lakini unipe penseli na kifuniko cha kopo nikugawie duara vipande sawasawa bila ya kuinua kichwa.

Siku moja nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, mkono wa kulia ukaanguka ndani ya chicha kama si wangu. Nikautazama. Nikauambia, "Inuka wewe." Haukuinuka. Nikataka kumwita wifi yangu, mke wa kaka, mdomo ukaenda upande wa pili kutafuta njia yake. Ndio kiharusi hicho. Hospitali walinirudisha nyumbani hai, na kijiji kikaja kunitazama kwa namna ya watu waliokuja mazikoni wakaambiwa maiti amechelewa. Mmoja akasema ni upepo. Mmoja akasema husuda. Wote wakakubaliana mafuta ya karafuu, nikasuguliwa kutwa mara kadhaa, nikinuka mpaka nikawa naogopa nitatiwa guniani nikauzwe. Wifi alilia kuliko wote. Kabla ya magharibi ya siku ile ile alikuwa keshaulizia lile kabati langu la mvule nitalipeleka wapi.

Mguu ulirudi, unaburura lakini unakwenda. Mdomo ulirudi nusu. Mkono wa kulia haukurudi, umening'inia hapa mpaka leo kama mgeni asiyejua kuaga.

Sina mume, alikwenda zake zamani na sikumlilia. Nikahamishiwa nyumba ya kaka yangu, na hapo ndipo mateso yalipoanza. Kaka ni mwalimu wa chuo, anasomesha watoto wa watu Kurani, mtu anayeheshimiwa, akipita njiani vijana wanashuka baiskeli. Siku ya mwanzo nilipolitia tonge mdomoni kwa mkono wa kushoto, aligeuza uso.

"Dada, kula kwa kushoto ni kula na shetani."

"Kaka, wa kulia umekufa."

"Basi utalishwa."

Na nikalishwa. Mtu mzima, nimeshafiwa, nimeshaachwa, nimeshachora kofia za maharusi wa vijiji vizima, nikawa nakalishwa kigogoni nimefunua kinywa, wifi ananitia uji kwa kijiko, kwa mkono wake wa kulia uliobarikiwa, huku anazungumza kwenye simu. Akisahau, kijiko kinasimama hewani na mie kinywa kiko wazi nakifuata kwa macho. Huyo shetani aliyetajwa nilimngoja aje tule pamoja. Hakuja. Pengine angekuwa na adabu zaidi.

Nilisoma chuo kama kaka, kwa mwalimu yule yule, na najua mwenye udhuru ana udhuru. Nilimwambia. Akaniambia udhuru una mipaka na mie sikuisoma hiyo mipaka. Kweli sikuisoma. Lakini njaa haikusoma pia.

Nikajaribu penseli kwa kushoto, peke yangu, uwani. Mstari ukatoka kama njia ya kaa. Nikajaribu siku nyingi. Kaa akawa kaa mwenye akili kidogo, lakini kofia haikutoka. Penseli inataka mkono usiotetemeka, na huu wa kushoto, miaka yote kazi yake ilikuwa kushika bakuli.

Mwanamke mmoja wa kikundi, mshonaji, ulimi wake mkali kama sindano yake, ndiye aliyenitajia Tibirinzi, kule mjini Chake. Mwanawe alipeleka simu huko kwa fundi mmoja, akaona watu wanachora mabango kwa kompyuta. "Shoga, kipanya hakitetemeki," akaniambia. "Na kikitetemeka unafuta, hapachafuki bafta."

Nilikuwa na cherehani. Ya miguu, ya chuma, ya zamani, na mguu wangu mmoja wa kuikanyagia haunisikilizi tena. Nikaipakia kwenye gari ya abiria, nikaenda nayo Chake, mpaka Tibirinzi kwa huyo fundi. Mkewe alikuwa akitafuta cherehani. Yeye fundi alikuwa na laptopu ya kizee, kona moja imevunjika imefungwa kwa utepe. Tukabadilishana.

Fundi mwenyewe ni mtu wa makamo kama mie, alianzia kwenye redio, miwani yake imefungwa kwa uzi, na maneno hayamwishi.

"Sasa Bi, mashine hii nzima, ila haina roho. Niliifuta."

"Roho inatiwaje?"

"Ziko roho za kununua, ziko za kuiba, na ziko za bure. Hapa mjini wengi wanatia ya kuiba. Mie kwako ntatia ya bure. Linux."

"Ya bure ina ila gani?"

"Ila yake ni moja. Ikikukera hujui umtukane nani."

"Kwani kaitengeneza nani?"

"Watu. Huyu kafanya kipande hiki, yule kile, mwengine kaunganisha. Ndani kuko wazi, anayetaka kutazama atazame, anayeweza kurekebisha arekebishe, ampe na mwenziwe."

"Kama kofia," nikasema.

Akanitazama juu ya miwani. "Kama kofia, yakhe. Mwaka wa ishirini nawaeleza watu hawanifahamu."

Nilidhani Linux ni kitu kimoja. Kumbe ni kama ndizi. Ukisema ndizi hujasema kitu, mpaka useme mkono wa tembo au bukoba au mzuzu. Fundi alikuwa nazo kwenye flashi mbalimbali, akasema hatutii hata moja mpaka nizionje, maana zinakubali kuonjwa kabla ya kukaa ndani ya mashine. Hilo lilinipendeza. Laiti na wanaume wangekuwa hivyo.

Ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Madirisha yanaelea, yana vivuli, yanafunguka kwa maringo kama bibi harusi anayetolewa. Fundi macho yakamng'aa. Lakini mashine ilianza kuvuma kama kinu cha kusaga na ikapata moto ungeweza kuchoma shelisheli juu yake. Nikabonyeza kitu, nikangoja. Nikameza mate, nikangoja.

"Itie pembeni," nikamwambia.

"Bi, lakini uzuri wake!"

"Uzuri huo nimeshaolewa nao. Itie pembeni."

Ya pili ilikuwa nyepesi, ikaamka kabla hujakaa sawa. Lakini herufi zake kama sisimizi, na kila ukitaka kubadili kitu lazima uandike amri kwenye kisanduku cheusi. Fundi akajigamba, akaandika amri ndefu bila ya kutazama vidole, akasema hii ndiyo ya wanaume khasa. Nikamwambia basi awape.

Ya tatu haikuwa nzuri wala mbaya. Ilikwenda kwa mwendo wangu. Na kwenye mipangilio yake ilikuwa na mlango wenye alama ya mtu amepanua mikono. Fundi akasema hapo ndipo pa watu wenye shida za mwili. Mtu mwenyewe mikono yake yote miwili mizima, amepanua kama anaita teksi. Sijui kwa nini walimchagua huyo. Lakini nikaingia, na nikakaa humo ndani kwa fundi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, mkewe akaniletea chai na mkate wa kumimina, na hakuna aliyejitolea kunilisha. Nikala kwa kushoto. Fundi alikuwa akitafuta waya wake.

Nitakueleza nilichokipanga, maana ndicho kilichouliwa. Kipanya nilikigeuza. Kitufe cha kuamrisha nikakileta chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Mshale nikaunenepesha, nikaupunguza mbio, kwa sababu mkono wangu ulikuwa ukiutupa huku na huku kama jiwe la kutungulia embe. Vitufe vya kibodi nikavinatisha: ukibonyeza kimoja kinabaki kimeshikilia, kinamngoja mwenziwe. Kuna kazi zinazotaka vitufe viwili au vitatu kwa pamoja, na vyengine vimekaa mbalimbali kama wake wenza. Mwenye mikono miwili hajui hilo. Mie nilijua, na kumbe kuna mtu mahala fulani duniani, simjui na hanijui, naye alikuwa amelijua akaliwekea dawa, akalitoa bure. Nilitaka kulia pale kwa fundi. Nikajifanya moshi wa waya umeniingia.

Ule ukanda wa chini wenye alama za programu nikauhamishia ubavu wa kushoto. Lugha nikaweka Kiswahili. Kiswahili chenyewe nusu nusu. Mlango Kiswahili, ukiingia chumbani Kiingereza, na baadhi ya maneno yake sijui yaliokotwa wapi. Tukacheka sana na fundi. Akanitilia na programu ya kuchorea, nayo ya bure, akanionesha namna ya kuchora petali moja na kuizungusha mpaka duara linajaa.

Mwisho akauliza, "Neno la siri tuweke lipi?"

"La nini?"

"La kufungulia. Mtu asiingie."

"Aingie nani? Niko kwa kaka yangu."

Fundi akakuna kichwa. "Neno la siri halikuwekwa kwa sababu ya mwizi, Bi. Limewekwa kwa sababu ya ndugu."

Nilimcheka. Nyumba zetu mtu hupiga hodi, akiitikiwa anaingia, asipoitikiwa anaingia kutazama kwa nini hakuitikiwa. Mwanamke mgonjwa akijifungia ndani kwa ndugu yake kijiji kitasema ananyanyaswa au ana siri. Kufunga kitu mbele ya kaka yako ni kumwita mwizi. Nikasema aiwache wazi. Akaiwacha. Hilo ni kosa langu, lakini nalo nimefundishwa na hao hao.

Ilinichukua muda. Mchoro wa kwanza nilioupeleka Chake kwenye duka la kopi ulitoka mdogo, ukamtosha kichwa mtoto wa siku arubaini. Wa pili ulitoka sawa. Wanawake waliuweka chini ya bafta, wakauelekeza kwenye mwanga wa dirisha, wakaufuatisha kwa penseli. Yule mshonaji wa ulimi mkali aliugeuza huku na huku.

"Ua hili limeinama kidogo."

"Limeinama kwa sababu na mie nimeinama."

"Liwache," akasema. "Watajua ni lako."

Kofia ile, baada ya miezi ya kushonwa, ilivaliwa Ijumaa, na wiki ile ile nikamwambia wifi aweke kijiko chini. Nilichukua sahani yangu nikaenda kulia chakula uwani, kwa mkono wangu. Kaka alihama, akawa anakula barazani na wanafunzi wake. Nilidhani tumeshapatana hivyo: yeye barazani, mie uwani, na Mungu kati yetu.

Nilichora kuanzia hapo mpaka Ramadhani. Nakshi za Idi Kubwa zote zikawa zimekamilika mle ndani, nyengine sikupata kumwonesha mtu. Usiulize nyumba ilikuwa na waifai ya kuzihifadhi kwengine. Nilikuwa na wifi tu. Ndio maana nikaweka nakala kwenye flashi, na flashi nikaitia kwenye mfuko wa laptopu, pamoja nayo, kama mtu anayeweka ufunguo wa akiba juu ya kufuli.

Yaliyotokea niliyajua vipande vipande siku ile ile, baada ya wanawake kuondoka. Hayakuwa na siri. Ndilo linaloniuma: hakuna hata mmoja aliyeona kuwa amefanya jambo la kufichwa.

Nilikuwa nimekwenda hospitali Chake kupimwa presha, nikalazwa usiku mmoja. Kaka aliifungua laptopu atazame nafanya nini kutwa. Akakishika kipanya kwa mkono wake wa kulia, akabonyeza. Mashine ikamfanyia kinyume. Akabonyeza kitufe, kikanata. Akauona mshale mnene, ukanda umekaa ubavuni, kioo cheusi. Akamwita mkewe.

"Mashine ya dada imepinda," akamwambia.

"Imepinda kama mwenyewe," akajibu wifi. Hilo alinieleza mwenyewe, anacheka, akidhani nitacheka.

Wakampigia simu mkwe wao, mume wa binti yao, anayefanya kazi ofisini Chake, anayening'iniza kitambulisho shingoni hata akija kula futari. Akaja jioni. Hakuuliza. Aliichukua flashi yangu mfukoni, akaifuta ili apate pahala pa kupakilia hiyo Windows yake, halafu akaifuta mashine, akaitia Windows. Akala tambi, akaenda zake. Wakairudisha mfukoni vizuri, wakafunga zipu.

Nilikwenda barazani na laptopu mkononi. Mkwe alikuwapo siku hiyo pia, amekuja kufuturu, adhana bado.

"Nani kaifuta?"

"Tumekutengenezea," akasema kaka, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli, Wallahi, kama mtu anayengoja kushukuriwa. "Sasa iko sawa, mkono wa kulia, kama za watu wote."

"Michoro yangu iko wapi?"

Kaka akamtazama mkwe. Mkwe akashika kitambulisho chake. "Shangazi, ile ya mwanzo ilikuwa ya bure. Hizi za bure zina virusi."

"Na hii umeinunua?"

"Hii... hii kila mtu anayo."

"Sikuuliza nani anayo. Umeinunua?"

Nikaifungua, nikamgeuzia kioo, nikamwonesha yale maandishi ya pembeni yenye haya. "Nisomee. Mie darasa la nne."

"Yanataka uthibitisho tu, shangazi."

"Uthibitisho wa nini?"

Wanafunzi wa kaka walikuwa wametega masikio, juzuu zao zimefunguliwa pahala pale pale tangu nilipoingia.

"Kwamba ni halali," akasema, kwa sauti ya chini.

Nikamgeukia kaka. "Umesikia? Mwezi huu mtukufu, barazani kwako, umeniondolea cha halali ukaniletea cha wizi, kwa sababu cha wizi kinashikwa kwa mkono wa kulia."

"Punguza sauti," akasema kaka. "Tulitaka upone. Mkono ukiuwacha umelala utalala. Ukilazimishwa utaamka. Na kofia ni vazi la msikitini, dada. Watu wakijua imechorwa kwa mkono wa kuchambia..."

"Watu wanajua. Wanawake wote wanajua. Wanaume wanaozivaa wanajua, wanauliza ile yenye ua lililoinama."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Nimeufikiria sana uso ule. Wizi haukumtikisa, kufutwa kwa michoro hakukumtikisa. Kilichomtikisa ni kuwa watu wanajua na hawakumwambia, na kwamba pengine kofia moja kati ya hizo ilikuwa safu ya mbele, nyuma yake au ubavuni pake, na swala ikaswalika. Akasimama akaenda kutia udhu kabla ya wakati. Wifi akasema, "Haya sasa, umemfuturisha mtu kwa hasira." Adhana ikaadhiniwa, wakala tende.

Niliirudisha mashine Tibirinzi. Fundi hakuniambia "nilikwambia," na nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa kazi yake. Alikaa nayo akijaribu kuchimbua yaliyofutwa. Akapata nusu ya kiduara, ua lisilo na shina, na ukanda mmoja uliokatika katikati. Akatia tena ile ya tatu. Tukageuza kipanya, tukanatisha vitufe, tukaurudisha ukanda ubavuni. Alipofika kwenye neno la siri hakuuliza, alinisogezea kibodi akageuka dirishani. Niliandika. Halimo katika maneno ya kusemeka mbele ya watu.

Lakini wanawake hawakuweza kungoja. Nami sikuwalaumu, kitobo hakijishoni. Walikwenda kwa mchoraji wa kijiji cha pili, mwenye mikono miwili, nakshi zake nzuri, zimenyooka. Yule mshonaji wa ulimi mkali alikuja kuniaga kama anayesafiri. "Mwakani, shoga," akasema. Nikaanza upya kwa kichwa. Nyengine zimenirudia, nyengine ziligoma. Idi Kubwa mwaka huu hakuna kofia yangu hata moja uwanjani, na kwa mchoraji, mwaka mmoja watu hawajaiona nakshi yako ni watu wamezoea ya mwenzako.

Mkwe sasa akija anapitia mlango wa uwani. Wifi kaninyamazia, na hiyo ni faida. Kaka aliniletea samahani, hakuja nayo mwenyewe, alimtuma mkewe na bakuli la tambi za sukari, na ujumbe kwamba yaliyopita si ndwele, na kwamba mie nami nimuombe radhi kwa kumfedhehesha mbele ya wanafunzi katika mwezi wa Ramadhani. Tambi nilikula, kwa kushoto. Radhi sikuomba. Wakaja na wazee, mmoja mmoja, wananiambia kaka yako alikusudia wema. Najua alikusudia wema. Wema huo huo ndio ulionishikia kijiko. Ningependa siku moja nikutane na mtu aliyekusudia uovu, nione kama angefanya tafauti.

Majina nimeyaacha kwa sababu ya watoto wao, lakini wenyewe wanajijua na Kengeja inawajua: mkwe aliyefuta bila ya kuuliza, wifi aliyepiga simu akicheka, na kaka yangu wa tumbo moja aliyeamuru. Wawili wa mwanzo nawawacha. Wao ni vidole tu. Namtaka kaka. Simtaki kwa sheha wala kwa kadhi, na sitaki kulipwa kitu. Namtaka Ijumaa baada ya swala, hapa uwani ninapokula, mkekani, na wanawake wa kikundi wamekaa wanasikia. Uliufungua mlango wangu, kaka, ukauona mkono mmoja uliobaki hai katika mwili wangu umepata kazi na unaifanya vizuri. Uliona ubaya gani hata ukauzima? Njoo useme. Na usimtume mkeo.